Mizinga Isihamishwe Mpaka Afisa Aje

Shangazi yangu hajui kukaa. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe anakubali. Akila, anakula amesimama mlangoni, sahani mkononi, jicho moja nje. Akiongea na simu anazunguka ua mpaka kuku wanamkimbia. Mtaani wanamwita Kiguu na Njia, naye anaitika bila kununa. Baba ni mdogo wake, na ni kinyume chake kabisa. Baba ni fundi cherehani. Akishaketi nyuma ya mashine yake pale barazani, hainuki mpaka uzi umwishie, na hata uzi ukiisha ananituma mimi. Mama anafanya kazi mji mwingine na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi nyumba yetu ina mmoja aliyekaa, mmoja anayezunguka, na mimi ninayewauliza maswali wote wawili.

Kabla ya nyuki Shangazi alikata tiketi kituo cha mabasi, akapika katika shule, akauza mkaa. Niliwahi kumwuliza mbona aliacha kazi zote hizo.

"Kila kazi ilikuja na kiti," akasema. "Na mimi kiti kinaniwasha."

"Hata mkaa una kiti?"

"Kuna kigoda, mwanangu. Unakaa kwenye kigoda unasubiri mtu apungukiwe na moto. Maisha gani hayo?"

Nyuki walimfuata wenyewe. Siku moja, akiwa bado anauza mkaa, kundi zima lilitua juu ya magunia yake. Wateja walitimua mbio, muuza mboga wa jirani akaacha hata viatu. Shangazi alibaki pale akiwatazama. Anasema alijiuliza swali moja tu: hawa wametoka wapi na wanakwenda wapi? Tangu siku hiyo amekuwa mtu wa nyuki, na kwa namna yake, maana yeye hafugi nyuki wa kukaa. Anawahamisha. Maharagwe yakichanua upande ule, yuko kule. Miti ya kando ya barabara kuu ikitoa maua, yuko huko. Anakodi pikapu, anangoja jua lizame nyuki wote warudi ndani, anaziba milango ya masanduku kwa kitambaa cha wavu, anapakia, haoo. Baba husema dada yake ndiye mtu pekee aliyepata kazi ya kuhama nyumba kila baada ya mwezi na bado akaiita ufugaji.

Kuna sheria moja ya kuhamisha nyuki aliyonifundisha nikiwa bado darasa la chini, na nilimbishia sana. Ukimhamisha nyuki, mpeleke mbali hasa, zaidi ya anakofika akitafuta chakula. Ukimpeleka karibu, kesho yake atatoka, ataruka, ataona mti anaoujua, na atarudi pale pale alipokuwa jana, hata kama sanduku lake halipo tena.

"Hajui nyumba yake?" niliuliza.

"Anajua mahali. Sanduku halijui."

Basi mwaka huu mvua ilikataa. Ilinyesha kidogo mwanzoni, ikatudanganya, ikaondoka. Majani yakawa rangi ya magunia. Jirani yetu, ambaye tunamwita Tajiri kwa sababu zamani alikuwa na mbuzi wa kujaza uwanja, alibaki na mbuzi wachache ambao mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Katika masanduku kumi na manne ya Shangazi, tisa yalinyamaza. Ukilaza sikio husikii kitu. Ukifungua, unakuta wamelala chini wamekauka kama maganda, wengine vichwa vimeingia ndani ya masega wakitafuta tone la mwisho. Shangazi alikuwa anafagia wale waliokufa kwa unyoya, taratibu, na siku zile ndizo pekee nilizomwona anatembea polepole.

Ndipo serikali ikatangaza msaada wa dharura kwa wafugaji wa mifugo na nyuki. Aliyepoteza mbuzi angesaidiwa kununua mbuzi, na aliyepoteza nyuki angesaidiwa kununua makundi mapya ya kujaza masanduku yake. Kwa Shangazi hiyo ilikuwa ni kurudishiwa kazi yake. Bila makundi mapya, masanduku tisa ni kuni tu zilizopakwa rangi.

Mkutano ulifanyika ofisi ya mifugo, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Nilikwenda naye kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na kwa kuwa nilitaka kuona. Afisa wa mifugo ni dada mmoja kijana, mwenye buti za mpira na sauti iliyokwisha kukauka kwa mikutano. Akasema kila mfugaji atatembelewa. Akasema mifugo na mizinga, iliyo hai na iliyokufa, ionekane yote pale pale ilipoandikishwa mwanzo wa mwaka.

"Isihamishwe mpaka nije," akasema. "Hata kidogo. Nikikuta pungufu, fomu haipiti."

Shangazi, aliyekuwa amesimama ukutani ingawa viti vitupu vilikuwapo tele, akanyoosha mkono. "Mwanangu, kwa nini isihamishwe?"

"Mama, mara iliyopita kulikuwa na mbuzi mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Mwenzangu alimkagua kwenye maboma manne tofauti. Kila boma mbuzi alikuwa na mwenyewe mpya."

Ukumbi wote ulicheka, na watu wakawa wanamtazama Tajiri, ambaye alianza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Na utakuja lini?" Shangazi akauliza.

"Wiki hii. Ikishindikana, ijayo."

Nadhani hakuna neno baya zaidi unaloweza kumpa shangazi yangu kuliko "ikishindikana, ijayo". Kuanzia siku ile nyumba yetu ilikuwa kama ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Pikipiki ikipita, anatoka. Mbwa akibweka, anatoka. Alifagia njia ya kwenda kwenye mizinga mpaka ikawa shimo. Nikirudi kutoka shule namkuta getini, mguu mmoja ndani mmoja nje, ananiuliza kama nimeona buti za mpira njiani.

Yale masanduku matano yaliyobaki hai yalikuwa yanashuka kila siku. Hapakuwa na ua hata moja hapa kwetu. Akawa anawalisha maji ya sukari kwenye visahani, na sukari ilitoka jikoni kwetu.

"Dada," Baba alisema asubuhi moja, akikoroga chai kwa mazoea tu, "nyuki wako wanakunywa chai yangu."

"Wewe una tumbo la akiba. Wao hawana."

"Tumbo hili ni la kukaa, si la kushiba."

"Basi inuka."

Ijayo ikafika. Afisa hakuja. Ukaja ujumbe wa simu kwamba gari la ofisi limeharibika na ratiba itatangazwa upya. Siku hiyo hiyo ikaingia simu nyingine, ya msimamizi wa shamba la alizeti lililoko ng'ambo ya vilima, shamba la kumwagilia maji ambalo halikuguswa na ukame. Shangazi aliiweka kwa sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na sukari, kwa hiyo sote tulisikia.

"Kiguu na Njia, alizeti zinafunguka. Nyuki hapa hawatoshi. Unaleta au nimwite mwingine?"

"Nipe siku chache, ndugu yangu."

"Maua hayanipi mimi siku chache."

Akakata. Shangazi akabaki amesimama katikati ya ua, simu inanata mkononi, na nikaona jinsi mtu anavyoweza kuzunguka bila kusogeza miguu. Nilielewa vizuri kabisa, hata sikuhitaji kuuliza. Akiwapeleka kwenye alizeti, wale watano wataishi, lakini afisa akija atakuta pungufu na msaada wa tisa waliokufa utapotea. Akingoja, huenda afisa atakuja kukuta wote kumi na nne wamekufa.

Tajiri alikuja jioni, akaegemea ukuta, akatoa ushauri ambao hakuombwa. "Usihame, mama. Wewe kaa kimya. Wakifa hao watano si ndiyo bora? Utalipiwa wote."

Shangazi alimgeukia. "Wewe mbuzi wako waliobaki, uliwaambia hivyo?"

"Mbuzi hawaelewi hesabu."

"Toka kwenye ukuta wangu kabla sijaleta moshi."

Tajiri akaondoka akicheka, lakini maneno yake yalibaki uani. Baba naye akasema, kwa upole zaidi, kwamba labda ni busara kungoja kidogo, afisa ataonekana tu, mambo ya serikali huchelewa lakini hufika.  Shangazi alikuwa anasikiliza masanduku. Moja kati ya matano lilikuwa limeanza kutoa ile sauti nyembamba ya kulalamika, ambayo anasema ni sauti ya njaa.

Sasa nije kwenye kosa. Ninaliandika kwa sababu ndilo jambo ninalolifikiria mpaka leo, kwamba mtu anaweza kujua kitu kuliko watu wote na bado akakifanya kinyume, kwa sababu roho iko juu.

Ng'ambo ya mto mkavu, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kuna pampu ya maji, na pembeni yake mtu mmoja alikuwa amepanda maboga kidogo. Maboga yale yalikuwa na maua. Shangazi alipiga hesabu yake: niwapeleke pale, wapate chochote, na siku afisa akitokea nitawakimbiza kuwarudisha kabla hajamaliza kuvua kofia. Hatanyang'anywa msaada, na nyuki hawatakufa.

"Lakini si karibu sana?" nilimwuliza, tukiwa tunaziba milango wakati jua linazama. "Si ulisema..."

"Shika vizuri upande huo."

"Si ulisema wanajua mahali?"

"Nilisema shika vizuri."

Tukabeba sanduku moja moja kwa mkokoteni, tukivuka mchanga wa mto, nyuki wakinguruma ndani kama watu waliofungiwa kwenye basi. Tulipomaliza alifungua milango, akasimama kwa mara ya kwanza kwa wiki nzima bila kuchezesha kitu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata yote mawili, msaada na nyuki.

Kesho yake nilirudi kutoka shule nikamkuta amekaa. Nasema amekaa. Chini, kwenye udongo, mbele ya yale matofali ambayo masanduku matano yalikuwa juu yake mpaka jana. Juu ya matofali matupu walikuwa wamerundikana nyuki, vishada vidogo vidogo, na wengine wanazunguka hewani usawa ule ule ambapo milango ilikuwa. Wanashuka, hawaoni kitu, wanapanda, wanashuka tena. Wale wote wenye nguvu, wale wanaotoka kutafuta chakula, walikuwa wamerudi. Kule kwenye maboga walibaki wachanga na malkia, bila mtu wa kuwaletea chakula.

"Walinirudia," akasema. "Mimi niliyewafundisha watu wangapi? Ningemwona mtu mwingine anafanya hivi ningemcheka mpaka nilie."

"Tuwarudishe masanduku?"

"Na tukimbie."

Tulikimbia kweli. Hatukungoja hata jua lizame, tukaziba milango, tukaburuta mkokoteni, Shangazi mbele anavuta, mimi nyuma nasukuma, mchanga unatuingia viatuni. Tuliporudisha sanduku la kwanza juu ya matofali yake, wale wa vishadani walisita kidogo, halafu wakaanza kuingia kwa miguu, mstari kwa mstari, wakipepea mbawa. Sijawahi kuona kitu kinachofanana na nafuu kama kile. Nilichomwa mara mbili na sikulalamika. Lakini si wote waliorudi ndani. Chini ya matofali kulikuwa na waliokufa wengi, waliochoka kuzunguka.

Baba alikuwa ametoka barazani. Ndiyo, aliinuka. Alisimama kwenye kona ya nyumba na tepu yake shingoni, anatazama dada yake anayefagia wale wa chini kwa unyoya.

"Dada."

"Usiniambie ningoje."

"Wavu wako wa milangoni umechanika. Nimeuona. Hautafika mpaka vilimani hivyo."

Shangazi akainua kichwa.

"Nina kipande cha pazia la mteja aliyekimbia deni," Baba akasema. "Ni chepesi, kinapitisha hewa. Nikishone kiwe mifuko yenye mpira, uvishe tu mlangoni?"

"Mteja akirudi?"

"Nitamwambia madirisha yake yamehamia."

Akarudi kwenye mashine, na mara hii sauti ya cherehani ilikwenda haraka kuliko nilivyowahi kuisikia, huku Shangazi akizunguka nyuma yake akisema haraka, haraka, na Baba akisema ukinisukuma tena nitashona kidole. Giza lilipoanza kushuka pikapu ilikuwa mlangoni. Tajiri alipita akauliza kama ni kweli Shangazi anaondoka. Tuliendelea kupakia. Masanduku tisa yaliyokufa yaliachwa pale pale, yamepangwa, yamefagiliwa, ili afisa akija ayaone. Matano yalipanda gari. Shangazi alikaa nyuma pamoja nayo badala ya mbele na dereva, mkono mmoja juu ya kila sanduku aliloweza kulifikia.

"Akija," aliniambia, "mwambie ukweli. Usinitungie safari ya msibani."

Afisa alikuja siku mbili tu baadaye. Siku mbili! Nilikuwa nimetoka shule, Baba yuko na mteja anayejaribu suruali, na buti za mpira zikasimama getini. Nilimpeleka kwenye mizinga.  Alifungua moja moja, akatikisa kichwa kwa masikitiko alipoona wale walioingiza vichwa ndani ya masega, akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja.

"Mingine mitano iko wapi?"

"Iko kwenye alizeti. Ng'ambo ya vilima. Walikuwa wanakufa kwa njaa."

Alitazama matofali matupu, akatazama nyuki mmoja aliyekuwa bado anazunguka pale, sijui wa wapi.

"Si nilisema isihamishwe?"

"Ulisema. Na yeye alingoja. Gari lenu liliharibika."

Nilishangaa mdomo wangu umepata wapi ujasiri ule. Yeye hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa sanduku moja, akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Mdogo wangu, mimi ninakuamini. Lakini ninaandika ninachokiona. Hapa ninaona tisa, na imeandikishwa kumi na minne. Fomu itarudi. Nikiandika kumi na nne, kesho mwenye mbuzi wa pembe moja atanishika shati."

"Hata hawa tisa waliokufa? Si unawaona?"

"Nawaona. Fomu ni moja kwa kila mfugaji. Haigawanyiki." Kisha akaongeza, "Mwambie aandike rufaa. Sijui kama itasaidia. Sitaki kukudanganya."

Tajiri alipata msaada wake. Wiki iliyofuata alikuwa na mbuzi wapya wenye makelele, na tuseme kweli, alituletea maziwa kidogo kwenye chupa, akayaweka ukutani.

Jumamosi mimi na Baba tulipanda kwenda vilimani, maana habari ile hatukutaka kumpa Shangazi kwa simu. Baba alipanda gari! Alilalamika njia nzima kuhusu kiti. Tulipofika ng'ambo, ghafla kila kitu kilikuwa cha njano, mistari na mistari ya alizeti zimegeuza nyuso upande mmoja, na kelele. Kelele ya nyuki ni tofauti wakiwa wameshiba, ni nzito, inatulia tumboni. Shangazi alituona kwa mbali akaja anakimbia, bomba la moshi la kutulizia nyuki likining'inia mkononi.

"Amekuja?"

"Amekuja," nikasema.

"Na?"

Nilimwambia yote, pamoja na rufaa, pamoja na maneno ya fomu isiyogawanyika. Alisikiliza hadi mwisho. Akageuka akatembea mpaka mwisho wa mstari wa alizeti, akarudi, akatembea tena. Baba alitaka kumfuata, nikamshika mkono. Aliporudi mara ya tatu macho yake yalikuwa mekundu, na nadhani haukuwa moshi.

"Tisa," akasema. "Haya. Njooni muone hii."

Akafungua sanduku lile lililokuwa linalalamika kwa njaa. Alinyanyua fremu moja kwenye mwanga. Nyuki walikuwa wanaingia na chavua ya njano miguuni, wazito mpaka wanatua kwa kishindo. Ndani ya vishimo vya sega, ukitazama kwa makini, kulikuwa na vitu vyeupe vidogo kuliko punje ya mchele iliyovunjika, kimoja kila kishimo.

"Mayai," akasema. "Malkia ameanza kutaga. Likijaa hili, nitaligawa, litakuwa mawili. Halafu na lile pale. Mwaka kesho huenda nikajaza matatu, manne kati ya yale tisa. Sitajaza yote."

"Itachukua muda," Baba akasema.

"Itachukua." Alirudisha fremu taratibu, akafunga, na mara akaanza tena kuzungusha macho huku na huku, kwenye mistari ya alizeti, kwenye vilima. "Fundi, hizi zikiinamisha vichwa maua yamekwisha. Nimesikia upande wa kaskazini kuna mtu amepanda alfalfa, yale majani ya kulishia ng'ombe. Unafikiri pazia lako litavumilia safari nyingine? Tutahamia lini?"

Baba alikuwa ameshapata sanduku tupu la matunda na kulikalia. Akamtazama dada yake kutoka chini.

"Tutahamia?" akasema. "Nani na nani?"